Yaya, maziwa yangu hayamtoshi mtoto: niendelee na ya kopo?

BARUA

Yaya mpendwa,

Nakusalimia kutoka Cimpunda, hapa hapa Bukavu. Nina miaka 24 na huyu ni mtoto wangu wa kwanza, msichana. Nilizaa kwa kupasuliwa baada ya uchungu wa usiku kucha. Damu ilitoka nyingi, wakanitundikia serumu siku nzima. Mtoto alizaliwa na kilo 2,9. Leo ana siku 16.

Siku za mwanzo hapakuwa na maziwa. Yalitoka matone ya njano tu, mazito, na mama mkwe akaniambia niyakamue niyamwage, eti ni maziwa machafu yaliyolala mwilini miezi tisa. Bebe akawa anapewa maji ya sukari kwa kijiko. Mimi mshono uliniuma, sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mzima. Maziwa yenyewe yalikuja siku ya tano. Tangu hapo ananyonya, lakini akishika titi nasikia kama wembe unapita. Chuchu ya kushoto imepasuka, na kuna siku bebe alicheua maziwa yenye damu, nikapiga kelele nyumba nzima ikaja. Ananyonya dakika chache, analala. Nikimweka chini analia. Majirani wakisikia kilio wanasema njaa.

Siku ya tisa tulimpeleka kituo cha afya kupimwa, wakakuta kilo 2,6. Muuguzi akaniambia niongezee maziwa ya kopo. Foleni ilikuwa ndefu, hakuwa na nafasi ya kunionyesha namna ya kuyatengeneza. Bwana wangu anaendesha pikipiki, siku nyingine anarudi na pesa, siku nyingine na mafuta tu kwenye tanki. Alinunua kopo la gramu 400, na muuzaji wa duka la dawa akamwambia tuweke kipimo kimoja cha unga kwenye bibero ya maji 90, ndipo kopo litafika mwisho wa mwezi. Ndivyo tunavyofanya. Mara nne kwa siku anapata bibero, na usiku mama mkwe anamchukua chumbani kwake anampa yeye, ili mimi nipumzike. Titi namnyonyesha kama mara tano, mchana. Sasa ameanza kulikataa: anageuza kichwa, anajikunja, anapiga kelele, akiona bibero ananyamaza. Nguo zinalowa mkojo mara tatu au nne kwa siku. Juzi alikuwa na kilo 2,7.

Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi kama maji, ameyaona kwa macho yake nilipokamua. Ananiletea kasiksi, pombe ya ndizi, ninywe, eti inaongeza maziwa. Mama yangu mzazi yuko Uvira, kwa simu ananiambia nikiendelea na kopo nitamuua mtoto. Jumapili kanisani nilitoa bibero, mama mmoja akasema kwa sauti kwamba vijana wa leo wanaogopa matiti yao kulala. Nililia njia nzima ya kurudi.

Yaya, maziwa yangu yamekwisha? Haya ya kopo yatamdhuru? Na mama mkwe nimwambie nini bila kumvunjia heshima? Ananisaidia kweli, ni yeye anayenifulia na kunipikia.

Mama mzazi, Cimpunda


JIBU

Mdogo wangu,

Pole kwa mshono na pongezi kwa binti. Katika barua yako kuna jambo la kufanya leo, kabla hujamaliza kusoma haya yote, kwa hiyo naanza nalo.

Acha kupunguza unga wa maziwa. Chukua kopo, soma ubavuni: aina nyingi zinataka kipimo kimoja cha unga, kilichosawazishwa juu kwa mgongo wa kisu, kwa kila mililita 30 za maji. Maji ya 90 yanataka vipimo vitatu. Kwa hiyo mtoto amekuwa akipata theluthi ya chakula ndani ya chupa iliyojaa maji. Tumbo linajaa, analala, nyumba nzima inaamini ameshiba, kumbe mwili haujapata cha kujengea. Tena hatari si njaa peke yake. Figo za mtoto wa wiki mbili hazijaweza kutoa maji mengi namna hiyo. Chumvi ya damu inashuka, na ikishuka sana mtoto analegea, hata degedege inaweza kumshika. Maji ya sukari nayo yaishe leo. Na usije ukaenda upande wa pili ukazidisha unga ili anenepe upesi, maana hapo unamkausha maji na kumfunga choo. Fuata kipimo cha kopo lenyewe. Hakikisha pia limeandikwa namba 1, la mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi sita. Yale maziwa ya unga ya kawaida yanayouzwa kwa vipakiti sokoni Kadutu ni ya chai ya watu wakubwa. Yana protini na chumvi nyingi kupita figo za mtoto mchanga.

Yule muuzaji aliwahesabia mfuko wenu, na najua alitaka kuwasaidia. Lakini duka si mahali pa kupangiwa chakula cha mtoto wa siku tisa.

La pili: kesho asubuhi mrudishe kituo cha afya, na mweleze muuguzi kipimo mlichokuwa mkitumia. Usione haya, bila kujua hilo atakisia vibaya. Mtoto yeyote hupungua siku za kwanza, hata asilimia 7, wengine hadi 10, kisha huanza kupanda na hurudia kilo zake za kuzaliwa karibu na wiki mbili. Wako alishuka gramu 300 katika 2.900, yaani zaidi ya asilimia 10, na siku ya 16 bado hajarudi alipoanzia. Mkojo mara tatu au nne nao ni mdogo. Tangu siku ya tano au sita tunataka nguo zilowe mara sita na zaidi kwa siku, mkojo uwe mweupe, na choo kiwe kimeshakuwa cha njano. Kwa hiyo muuguzi hakukosea. Mtoto huyu alihitaji kuongezewa, na bado anahitaji. Mwambie na mama yako wa Uvira hivyo, kwa upole: maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa kipimo, kwa maji yaliyochemka, ni chakula, na kwa sasa ni sehemu ya dawa ya mjukuu wake. Yule wa kanisani hakuwepo kwenye mizani, muache.

Sasa swali lako kubwa. Hapana, maziwa hayajakwisha. Yalichelewa, na sababu zake ziko ndani ya barua yako mwenyewe: mtoto wa kwanza, upasuaji, damu nyingi. Kila moja peke yake inaweza kuchelewesha maziwa, na wewe zilikujia zote tatu. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo kinachotoka ni yale matone ya njano, na ni kidogo kwa sababu tumbo la mchanga ni dogo na halihitaji zaidi. Ule unjano si uchafu wa miezi tisa. Ndani yake kuna kinga nyingi kuliko maziwa yatakayofuata, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awekwe titini ndani ya saa moja ya kwanza, hata aliyezaliwa kwa kupasuliwa, mara tu mama anapoweza. Yamekwisha kumwagwa, hatuyalilii, lakini mtoto wa pili usikubali.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoharibu hesabu. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, mwili unapata habari kwamba hayahitajiki na unapunguza. Likinyonywa au kukamuliwa mara kwa mara, unaongeza. Na homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Angalia sasa ratiba ya nyumba yenu: mchana titi mara tano, usiku mzima hakuna, bibero mara nne. Mtoto mchanga anatakiwa anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mama mkwe alikuonea huruma akakuchukulia usiku, na usiku ndio wakati titi linapojifunza kazi. Leo jioni mtoto arudi kitandani kwako.

Lakini sitakuambia unyonyeshe mara kumi na chuchu imepasuka, hiyo ni mateso. Kwanza turekebishe anavyoshika. Maumivu ya wembe yanatokana karibu kila mara na mtoto kushika chuchu peke yake, akiitafuna kwa ufizi. Hapo wewe unaumia na yeye hapati kitu, ndiyo maana analala baada ya dakika chache. Ananyonya akachoka, si akashiba. Na ile damu aliyocheua ilikuwa yako, ya chuchu. Haimdhuru.

Kwa mwenye mshono, mkao unaofaa ni wa chini ya kwapa. Kaa umeegemea ukuta, weka mto ubavuni, mlaze mtoto juu yake, miguu yake ielekee nyuma yako, kichwa mbele kwenye kiganja chako, uso utazame titi. Hivyo hagusi kidonda. Usiku lala kwa ubavu, naye ubavu, tumbo kwa tumbo. Mshike shingoni na mabegani, usimsukume kisogo, maana ukisukuma kisogo ndipo anapojikunja na kupiga kelele unazozisema. Pua yake iwe usawa wa chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja. Ngoja hasa, mpaka kinywa kifunguke kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Usilipeleke titi kwake. Akishika vizuri utaona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu ni ya mviringo, hayabonyei ndani. Anaanza kwa kunyonya haraka haraka, halafu anapunguza mwendo: anavuta, anameza, anapumzika kidogo. Sikiliza kumeza. Kama maumivu yanaendelea baada ya hapo, usivumilie: ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mtoe, anza tena. Kwa chuchu iliyopasuka, kamua tone la maziwa yako ulipake baada ya kunyonyesha, liache likauke kwa hewa. Usiisugue na sabuni. Na muuguzi amtazame mtoto chini ya ulimi, kwani wengine wana kautando kafupi kanakouzuia ulimi kutoka nje. Mtu akikuambia apelekwe kukatwa kilimi, kale kanyama kanakoning'inia kooni, kataa. Huko watoto hutoka na damu na vidonda, na hakuna maziwa yanayoongezeka.

Kuhusu kulikataa titi: anajua kwamba kwenye bibero maziwa yanamiminika bila kazi, na titini lazima avute angojee. Usipambane naye akiwa amekasirika. Mvue nguo abaki na nepi, vua na wewe, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike kwa kikwembe mgongoni, ukae naye hivyo bila kumlazimisha chochote. Mpe titi akiwa bado nusu usingizi, anapoanza kuramba midomo na kutafuta kwa kichwa. Kilio ni alama ya kuchelewa. Kamua matone machache kwanza ili akute maziwa tayari yako mdomoni.

Mpango wa siku, basi, uwe huu. Kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, titi linatangulia. Akianza kusinzia, libonyeze titi kwa kiganja chako chote, taratibu, ulishikilie hivyo anapovuta, uachie anapopumzika. Utaona anaamka na kumeza. Upande wa kwanza ukilegea, mhamishe wa pili. Baada ya hapo ndipo anaongezewa. Kisha, wakati mwingine anamshika, wewe kamua kwa mkono dakika chache kila upande: kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi, sukuma kuelekea kifua, halafu bana, achia, rudia, zungusha vidole. Usivute chuchu. Mara za kwanza utapata vya kufunika kijiko, na hata hicho kijiko mpe mtoto. Kinachohesabika hapo ni habari unayoupelekea mwili. Si kila mara utaweza kukamua, na usijilaumu. Lakini zile mara za usiku usiziruke.

Kuongezewa kwenyewe kufanyike kwa kikombe. Nakuomba sana uiache bibero, kwa sababu mbili: inamfundisha mtoto kushika vibaya, na kuisafisha mahali ambapo bomba linatoa maji linapotaka ni kazi ngumu, kwani maziwa hujificha kwenye uzi wa shingo ya chupa na ndani ya chuchu ya mpira. Kikombe kidogo kisicho na pembe unakiosha kwa sabuni na maji ya moto, unakiona chote ndani. Mkalishe mtoto mapajani karibu wima, mfunge mikono kwa kikwembe asikigonge. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike tu ukingoni. Usimmiminie. Atatoa ulimi aanze kuramba, kisha atafyonza kidogo kidogo mwenyewe. Akichoka anafunga mdomo, wewe pumzika bila kukiondoa. Siku ya kwanza kifua chako na chake vitalowa. Vilevile muulize muuguzi kama anajua kutumia kamrija kembamba: ncha moja inabandikwa kando ya chuchu, nyingine inakaa kwenye kikombe cha maziwa, na mtoto anavuta vyote viwili akiwa titini. Kwa mtoto anayelikataa titi, hiyo ni njia nzuri sana, maana anapata malipo papo hapo na titi linaamshwa.

Kiasi apange muuguzi akimwona, lakini hesabu uijue. Mtoto asiyepata titi kabisa anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, hivyo wa kilo 2,7 ni kama 400 kwa saa 24. Wako anapata sehemu titini, kwa hiyo anaongezewa pengo tu, likigawanywa baada ya kunyonya. Ukimpa 90 kwa mkupuo mmoja atalala saa nne na titi litasahaulika.

Utengenezaji nao una siri ambayo haijaandikwa kwa herufi kubwa. Unga huo haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Vinavyobaki ni vichache, lakini kwa mchanga vinaweza kuwa ugonjwa wa damu au wa ubongo. Vinaangamizwa na maji ya moto usiopungua nyuzi 70, si ya vuguvugu. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Huku kwetu, kwenye mita zipatazo 1.500 juu ya bahari, yanatokota karibu nyuzi 95, na inatosha. Yatumie kabla ya nusu saa kupita, au yamimine yakiwa yanatokota kwenye termosi nzuri jioni, ili usiwashe makala ya kupikia usiku wa manane. Pima maji ndani ya kikombe, tia unga, koroga, kisha poza kikombe kwenye beseni la maji baridi mpaka tone likidondoka kwenye kifundo cha mkono wako usilisikie. Yasiyonywewa ndani ya saa mbili yamwage. Najua kumwaga kunauma pesa zikiwa chache, ndiyo sababu nyingine ya kutengeneza kidogo kidogo.

Tukizungumzia pesa, bwana wako aijue hesabu hii: mtoto anayelelewa kwa kopo peke yake anamaliza karibu kilo 20 za unga katika miezi sita ya kwanza. Kwa makopo yenu ya gramu 400, hayo ni makopo 50. Bila kuhesabu makala. Kwa hiyo kila franka anayotumia sasa kukulisha wewe vizuri na kukulipia safari ya kituo cha afya inamrudia. Unahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, ambazo kwetu ni sahani moja ya ziada ya bugali, sombe iliyotiwa karanga, maharage, samaki sambaza wakipatikana, na uji wa masosoma, ule wa soya na nafaka, asubuhi. Hakuna chakula kimoja chenye uchawi. Kunywa maji ukisikia kiu, kiwe kikombe karibu nawe kila unaponyonyesha. Kasiksi rudisha kwa shukrani, kwa sababu pombe inazuia maziwa kushuka na inamfikia mtoto. Usinunue vidonge vya kuongeza maziwa bila daktari, na ukitaka uzazi wa mpango mwambie muuguzi unanyonyesha, kwani vidonge vyenye estrojeni hupunguza maziwa.

Na ule wepesi? Mama mkwe aliona kweli, ila hakuona yote. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, yenye rangi ya samawati kidogo, na yanavyoendelea kutoka mafuta yanaongezeka. Kamua siku moja baada ya mtoto kunyonya muda mrefu, umwonyeshe kijiko cha kwanza na cha mwisho. Hilo halihitaji mabishano.

Kwa upande wake kwa ujumla, wewe usimfundishe. Mama aliyelea watoto wake wakakua hawezi kusikia kutoka kwa mkwe wa miaka 24 kwamba alikosea maji ya sukari. Kesho nenda naye kituo cha afya, umwombe mbele ya muuguzi akubebee mtoto, na muuguzi aseme mwenyewe habari ya kipimo, ya usiku na ya kikombe. Bwana wako aseme na mama yake kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu ni mtoto wake. Kisha mpe kazi ambayo hakuna mwingine awezaye: kikombe. Ana mikono iliyotulia kuliko yako kwa sasa. Usiku anaweza kuamka akupashie maji, akubadilishie mtoto, akurudishie titini. Mwambie, «Mama, nisaidie maziwa yangu yarudi, peke yangu siwezi.» Hayo ni maombi, si lawama, na ni kweli.

Wala usijione wewe ni mama dhaifu. Mara nyingi mama huambiwa anyonyeshe bila kuonyeshwa namna. Kinshasa walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2015: kwenye maternite, yaani hospitali za kuzalia, ambazo wahudumu walifunzwa kuwasaidia mama tangu saa ya kwanza, watoto 36 kwa mia walikuwa bado wananyonya titi tu walipofika wiki 24. Kwenye maternite za kawaida walikuwa 12. Mama wote walikuwa wa mji mmoja. Kilichotofautiana ni nani aliketi kitandani nao akawaonyesha.

Nisikufiche pia kwamba wako mama, si wengi, ambao maziwa hayafiki hata wakifanya yote. Waliotoka damu nyingi mno wakati wa kuzaa wamo. Kwa hiyo mwambie muuguzi akutazame na wewe: damu yako ya sasa, kama una upungufu, kama bado unatokwa na damu mbichi au yenye harufu, maana kipande cha kondo kilichobaki ndani huzuia maziwa kuongezeka. Titi likiwa jekundu upande mmoja, gumu, nawe una homa na baridi, endelea kunyonyesha upande huo huo na uende upate dawa siku hiyo hiyo. Ziko antibiotiki zinazokubaliana na kunyonyesha.

Mtoto naye usingoje kesho kumpeleka akiwa mlegevu haamki kunyonya, akikaa saa nyingi bila mkojo, utosi ukibonyea, macho au ngozi ikiwa ya njano, mwili ukiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, akihema kwa shida au akirusharusha viungo. Hata kama ni usiku. Pikipiki iko nyumbani.

Mambo yakienda vizuri, apimwe kila wiki kwenye mizani ile ile, akiwa bila nguo. Akiongeza gramu 125 au zaidi kwa wiki na nguo zinalowa mara sita, ondoa kama mililita 50 za kopo katika jumla ya siku nzima, ngoja siku kadhaa, tazama mkojo, mpime, uondoe tena. Akisimama, usipunguze zaidi mpaka aendelee. Wengine hulimaliza kopo moja wakaliacha kabisa, wengine hubaki na kikombe kimoja jioni kwa miezi. Ukiwa wa kundi la pili, endelea na titi pia hadi miaka miwili na zaidi kadiri mtakavyopenda, na kikombe hicho cha jioni mpe hadharani, hata kanisani. Uniandikie kilo zake baada ya vipimo viwili vijavyo.

Yaya wako